Mchango Si Hisa

Tarehe 13 Machi 2013, mtunzi wa tamthilia za televisheni nchini Marekani, Rob Thomas, alitoa mwito usiokuwa wa kawaida kupitia intaneti. Tamthilia yake, Veronica Mars, ilikuwa imekatishwa mwaka 2007, na kampuni iliyoimiliki, Warner Bros., haikuwa tayari kutoa fedha zake ili irudi. Basi Thomas akawaelekea watazamaji wenyewe. Wakichanga dola milioni 2 katika muda wa siku 30, kampuni itaridhia hadithi ile irejee kwa sura ya filamu. Wasipofikia kima hicho, kila mtu atabaki na fedha zake, na hadithi itabaki kaburini mwake. Kabla ya saa 11 kutimia tangu mwito utolewe, kima kilikuwa kimefikiwa. Muhula ulipokwisha, watu 91,585 walikuwa wamechanga jumla ya dola 5,702,153.

Tukio hilo lilipokewa kama ajabu ya zama mpya. Kwa upande wa chombo kilichotumika, hapana shaka lilikuwa jipya. Ama kwa upande wa suala lililomo ndani yake, ni kongwe, na wapenzi wa ushairi wana haki ya kulidai kuwa lilikuwa lao kabla halijawa la watu wa televisheni. Suala lenyewe ni hili: mtu atoapo fedha ili kazi ya sanaa ipate kuwepo, huwa amenunua nini hasa? Historia ya wale watu 91,585 inafaa kuelezwa kwa sababu haikukoma siku filamu ilipooneshwa. Wengi wao walikuja kulipata jibu miaka mitano baadaye, na walilipata kwa majonzi.

Karne tatu kabla ya hapo, mjini London, Alexander Pope alikuwa kijana wa miaka 25 alipotangaza, mwezi wa Oktoba 1713, azma yake ya kuutafsiri kwa Kiingereza utendi wa Homer, Iliad. Hakuwa tajiri. Afya yake ilikuwa dhaifu, na tena alikuwa Mkatoliki katika nchi iliyowafungia Wakatoliki milango ya vyeo. Desturi ya zama zile ilikuwa mshairi amtafute mkubwa mmoja, amsifu katika dibaji, kisha akae kitako kuusubiri ukarimu wake. Pope aliichagua njia nyingine, ambayo wengine walikwisha kuipita lakini hakuna mshairi aliyekuwa amenufaika nayo kwa kiasi kile. Aliwataka wasomaji wajiandikishe kwanza: gini moja kwa kila juzuu, na juzuu zote ni sita. Rafiki yake, Jonathan Swift, alimsaidia kwa kumpigia debe huku na huku. Watu 575 wakajiandikisha. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1715, ya mwisho mwaka 1720, na mwanzoni mwa kitabu yakapigwa chapa majina ya wote waliojiandikisha.

Kazi hiyo ilimletea Pope takriban pauni 5,000, mali ambayo mshairi wa siku zile hakuithubutu hata katika ndoto. Kwayo aliweza kuishi bila ya kumpigia magoti mkubwa yeyote. Nao wale 575 walipata nini? Walipata kitabu, na walipata majina yao kuwekwa mlangoni mwa kitabu hicho. Hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyepata haki ya kumwamuru mfasiri amwache Hector hai. Hector alikwisha kuuawa na Homer zamani, na gini sita za msomaji zisingeweza kumfufua.

Njia hiyo ilikuwa na hatari zake pia. Mwaka 1756 Samuel Johnson aliwaandikisha watu kwa ajili ya toleo lake la tamthilia za Shakespeare. Walilipa, wakangoja, wakachoka kungoja, na washairi wenzake wakapata cha kumdhihaki. Toleo lilitoka mwaka 1765. Kwa hiyo tangu hapo ilikwisha kudhihirika kwamba mlipaji wa mwanzo ananunua ahadi, na ahadi hukaa katika mikono ya mwingine.

Televisheni ya Marekani ilijengwa juu ya msingi tofauti kabisa. Kwa miongo mingi mtazamaji wa kawaida hakulipa kitu. Aliyelipa ni mwenye sabuni, mwenye sigara na mwenye magari, ambaye alinunua dakika za matangazo kwa bei iliyotegemea idadi ya watu walioketi mbele ya kioo. Katika soko la namna hiyo, mapenzi hayana mizani ya kupimiwa. Mtu aliyeikariri tamthilia neno kwa neno huhesabiwa mmoja, na aliyesinzia kitini huku kioo kikiwaka naye huhesabiwa mmoja. Ndiyo maana tamthilia iliyopendwa mno na wachache ilikufa mara nyingi, ilhali iliyotazamwa bila ya hamu na wengi iliendelea kuishi.

Watazamaji walipoanza kulalamika, silaha yao ya kwanza ilikuwa kalamu. Star Trek ilianza kuoneshwa na kituo cha NBC mwezi wa Septemba 1966. Msimu wake wa pili ulipokuwa ukiendelea, zilienea habari kwamba itakatishwa. Mume na mke, John na Bjo Trimble, wakawakusanya wapenzi wa tamthilia hiyo na kuwafundisha namna ya kuandika barua zitakazosomwa na wakubwa wa kituo. Mwezi wa Januari 1968 wanafunzi wa chuo cha Caltech waliandamana usiku na mienge hadi kwenye jengo la NBC huko Burbank. Barua zilipindukia 100,000. Tarehe 1 Machi 1968 kituo kilitangaza hewani kwamba msimu wa tatu utakuwepo. Ulikuwepo kweli, lakini uliwekwa Ijumaa saa nne za usiku, wakati ambao vijana walioipenda hawakuwa nyumbani. Mwezi wa Juni 1969 ilioneshwa sehemu ya 79, iliyokuwa ya mwisho.

Kutoka kwenye barua watu wakaingia kwenye vitu. Kituo cha CBS kilipoikatisha Jericho mwaka 2007, wapenzi wake waliituma ofisini njugu zenye uzito wa takriban tani 20, kwa kuwa neno lenye maana ya njugu lilitamkwa kwa ukaidi na mhusika mkuu katika sehemu ya mwisho. Kituo kikaagiza sehemu saba nyingine, kisha mwaka 2008 kikaifunga. Mwaka huohuo wa 2007 wapenzi wa Veronica Mars waliwapelekea wakubwa wa kituo cha The CW chokoleti zinazoitwa Mars. Chokoleti zililiwa, tamthilia ikakatishwa vilevile.

Kulikuwa na jaribio moja la mapema ambalo lilikusudia kupeleka fedha taslimu. Mwaka 2005, tamthilia ya Star Trek: Enterprise ilipokatishwa, mashabiki walianzisha mfuko wa kukusanya zaidi ya dola milioni 30 ili kuulipia msimu mmoja mzima. Kampuni ya Paramount iliwashukuru kwa mapenzi yao, kisha ikawaambia kwamba haiwezi kupokea wala kufikiria fedha za watazamaji. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na mwenye ufunguo hakutaka hata kuzitazama sarafu.

Mambo mawili yalibadilika kati ya mwaka 2005 na mwaka 2013. La kwanza ni kuanzishwa kwa Kickstarter, mwezi wa Aprili 2009, mahali katika intaneti ambapo msanii hutangaza kazi anayoikusudia pamoja na kima anachokihitaji, na fedha hukatwa kwa wachangiaji pale tu kima kinapotimia. Kampuni yenyewe hujilipa asilimia 5 ya makusanyo. La pili ni ung'ang'anizi wa mtu mmoja. Thomas aliizungumza fikra yake na wakubwa wa Warner Bros. kwa zaidi ya mwaka kabla hawajakubali. Ridhaa yao ndiyo iliyokuwa tunu yenyewe. Hakimiliki ya Veronica, ya jina lake, ya mji wake na ya kila neno alilowahi kutamka ilikuwa mikononi mwao, na bila ya idhini yao hata dola bilioni moja zisingetosha.

Hadithi iliyopendwa namna hiyo ni ipi? Veronica Mars ilianza mwezi wa Septemba 2004 na ikaenda kwa misimu mitatu, sehemu 64. Inamhusu binti wa sekondari katika Neptune, mji wa kubuni wa pwani ya California, ambako wapo matajiri na wapo wanaowatumikia matajiri, na hakuna tabaka la kati. Rafiki yake kipenzi ameuawa. Baba yake, aliyekuwa mkuu wa polisi wa mji, amevuliwa madaraka kwa kumshuku tajiri asiyegusika. Binti anamsaidia baba yake katika ofisi yake ya upelelezi wa kulipwa, na jambo la kwanza analojifunza ni kwamba katika mji huo ukweli una bei. Kristen Bell ndiye aliyemwigiza. Pamoja naye yupo Logan Echolls, mtoto wa mwigizaji mashuhuri, aliyeanza kama hasimu na akaishia kuwa mpenzi. Tamthilia ilipokatishwa mwaka 2007 mambo yalikuwa njia panda: baba ameiponza kazi yake kwa ajili ya binti yake, Veronica hana Logan, na mvua inanyesha.

Hivyo basi, miaka sita baadaye watu walikuwa wakilipia mwisho wa sentensi iliyokatwa katikati. Aliyetoa dola 10 aliahidiwa nakala ya mswada wa filamu. Aliyetoa 35 aliongezewa fulana na nakala ya filamu kwa njia ya intaneti. Mtu mmoja alitoa dola 10,000 akapewa nafasi ya kuonekana katika filamu kama mhudumu wa mkahawa mwenye kutamka maneno machache. Ukizigawa fedha zote kwa watu wote, kila mmoja alitoa wastani wa dola 62. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilifurika karibu mara tatu ya kima kilichoombwa.

Wapo waliokasirika. Walihoji kwa nini watu wa kawaida waifadhili kampuni iliyo miongoni mwa tajiri kuliko zote duniani katika biashara ya filamu, ilhali faida, ikipatikana, itaingia katika hazina ya kampuni hiyo. Hoja hiyo haikuwa nyepesi. Fedha ya Kickstarter haimpi mtoaji hisa, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo umma haukuruhusiwa kununua hisa kwa njia hiyo. Kanuni zilizofungua mlango huo zilianza kutumika mwezi wa Mei 2016. Mtoaji wa mwaka 2013 hakuwa na cha kudai mahakamani zaidi ya fulana yake na nakala yake.

Hapo ndipo lugha ya Kiswahili inapotoa msaada, kwa kuwa ina maneno mawili yasiyochanganyika. Hisa ni sehemu ya umiliki. Mwenye nayo huitwa mkutanoni na huulizwa rai yake. Mchango ni kitu kingine. Anayechangia harusi hula pilau, husikiliza ngoma, na huondoka na furaha yake. Hamiliki bibi harusi, wala haulizwi wana wa ndoa ile waitwe majina gani. Wapenzi wa taarabu katika mwambao wanalijua hilo bila ya kufundishwa. Ubeti unapomchoma mtu, huinuka, akasogea kwa madaha hadi jukwaani, akamtuza mwimbaji noti mkononi mbele ya kadamnasi. Ameonekana, na pengine kuna mtu ukumbini aliyepata ujumbe wake kupitia ubeti uleule. Lakini harudi kitini na wimbo mfukoni. Mcheza kwao hutuzwa, na aliyetuza hakununua miguu ya mchezaji.

Filamu ilitoka tarehe 14 Machi 2014, mwaka mmoja na siku moja baada ya mwito. Iliwekwa katika majumba ya sinema na katika intaneti siku hiyohiyo. Veronica, ambaye sasa amesomea sheria na anaelekea kupata kazi nzuri New York, anarudi Neptune kwa sababu Logan anashutumiwa kwa mauaji. Anamwokoa, anairudia kazi ya upelelezi, na wawili hao wanarudiana. Wachangiaji walipata walichokitamani kwa miaka saba. Hata ugawaji wa nakala, ambao uliwaudhi wengi kwa kuwa zilitolewa kwa mfumo mmoja tu uliokataa kufanya kazi kwa baadhi yao, ulisuluhishwa: kampuni ilikubali kuwarejeshea fedha waliolazimika kuinunua filamu kwingine. Katika majumba ya sinema ya Marekani filamu iliingiza zaidi kidogo ya dola milioni 3. Yaani waliolipa kabla walikuwa wametoa fedha nyingi kuliko waliolipa mlangoni.

Lau historia ingekoma hapo, ingekuwa hekaya ya kuwafurahisha watoto. Mwezi wa Julai 2019 hadithi ilirudi tena, safari hii kwa fedha za Hulu, kampuni ya kuonesha filamu kwa njia ya intaneti, ikiwa na sehemu nane. Watazamaji hawakuombwa senti. Katika sehemu ya nane Veronica na Logan wanafunga ndoa. Siku hiyohiyo bomu lililotegwa katika gari linamuua Logan.

Kilio kilichofuata hakikuwa cha mchezo. Watu waliokuwa wamefunga mkono wa mwisho wa mshahara kuchangia mapenzi ya wawili hawa waliona wameitwa harusini ili washuhudie maziko. Thomas alieleza hadharani sababu yake: alitaka Veronica aendelee kuishi kama mpelelezi mpweke wa riwaya za giza na uhalifu, na aliona kwamba kijana huyo mwenye kumsubiri nyumbani angeifunga njia hiyo. Ilikuwa hoja ya kisanii, naye alikuwa na haki ya kuwa nayo. Isitoshe, kifo si kitu kigeni katika hadithi ambayo tangu sehemu ya kwanza ilijengwa juu ya mauaji ya msichana mdogo. Hata hivyo, njia aliyoifungua kwa gharama hiyo haikupitwa: Hulu haikuagiza msimu mwingine.

Je, watu hao walidhulumiwa? Kwa mizani ya sheria, hapana. Walichoahidiwa mwaka 2013 ni filamu moja, na filamu waliipata. Kwa mizani ya utungaji pia ni vigumu kusema walidhulumiwa, kwa sababu mtunzi anayeandika kwa kuogopa waliomchangia huwa amebadilisha tu bwana: badala ya mkubwa mmoja wa kusifiwa katika dibaji, anao wakubwa 91,585. Fedha za wengi zilimkomboa Pope kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na sauti ya kumwamuru. Wakipata sauti hiyo, ukombozi umebatilika. Lakini ipo mizani ya tatu, ambayo haimo katika sheria wala katika sanaa, nayo ni ya ihsani. Aliyefufuliwa kwa mchango wa jirani zake hawawii chochote kwa maandishi. Hata hivyo, jirani wakiumia kwa alilolitenda, maumivu yao hayafai kuitwa upuuzi. Wengi wa waliowacheka wapenzi wa Veronica mwaka ule hawakuwa wamewahi kupenda hadithi kiasi cha kuitolea fedha.

Mfano mwingine unaonesha upande wa pili. Mystery Science Theater 3000 ilizaliwa katika kituo kidogo cha Minneapolis mwezi wa Novemba 1988: mtu mmoja na vikaragosi vyake vya roboti, wamefungwa angani, wanalazimishwa kutazama filamu mbovu na wanajiokoa kwa kuzifanyia utani tangu mwanzo hadi mwisho. Ilidumu hadi mwaka 1999, na baada ya hapo ikaishi katika kanda zilizonakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono. Mwaka 2015 muasisi wake, Joel Hodgson, pamoja na kampuni ya Shout! Factory, waliipata hakimiliki kwanza, ndipo wakawaita watazamaji. Watu 48,270 walitoa dola 5,764,229, na kuipiku Veronica Mars kwa tofauti ya dola 62,076. Sehemu 14 zilianza kuoneshwa na Netflix mwezi wa Aprili 2017. Netflix ilipojitoa mwaka 2019, muasisi hakuwa na haja ya kuomba ruhusa kwa mtu. Alipiga mbiu tena mwaka 2021, na zikapatikana zaidi ya dola milioni 6. Alipopiga mbiu mwishoni mwa mwaka 2023, kima hakikutimia, na msimu uliokusudiwa haukutengenezwa.

Hapakuwa na adui wa kulaumiwa safari hiyo, wala mkubwa wa kituo wa kupelekewa njugu. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa fundi, na fundi alikuwa na wapenzi wake. Kilichopungua ni kibaba. Uhuru wa namna hiyo una adha yake: kila msimu lazima ufike tena mlangoni kwa watu walewale, na watu huchoka, huzeeka, hupatwa na shida za maisha.

Miongoni mwa zawadi walizoahidiwa wachangiaji wa mwaka 2015 ilikuwemo moja ambayo Pope angeitambua mara moja: majina yao kuandikwa katika kazi yenyewe. Nayo yakaandikwa, yakipita haraka kiasi cha kutosomeka, katika orodha ya mwisho. Wale 575 wa mwaka 1715 nao bado wapo mwanzoni mwa kitabu chao, na wengi miongoni mwao leo hawakumbukwi kwa jambo jingine lolote. Katika kurasa zinazofuata Hector anakufa, kama alivyokufa siku zote. Hawakulipa gini zao ili asife. Walilipa ili kifo chake kisomwe kwa lugha yao.